MTOTO WA NJIA YA MATOPE: MAISHA YA ANTHONY TROLLOPE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na mimi si wa kuwabishia wazee. Hata hivyo, mpenzi msomaji, leo naomba ruhusa niwabishie kidogo tu, kwa maana nimempata jogoo mmoja wa shamba aliyewika mjini London hadi wenye mji wakafumbua macho. Jina lake ni Anthony Trollope. Mtu huyu aliandika riwaya 47, na nyingi aliziandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa sababu mchana alikuwa mtu wa ofisi, mfanyakazi wa posta kama wafanyakazi wengine.

Lakini sikumchagua kwa ajili ya hesabu ya vitabu. Nimemchagua kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa kutwa. Naam, wa kutwa kama sisi, wa kukanyaga matope asubuhi na jioni, wa kufika darasani viatu vikiwa vimebadilika rangi. Tena alikuwa mtoto aliyeachwa nyuma, watu wa kwao wakavuka bahari wakaenda zao. Mtu wa namna hiyo angeweza kukua na kinyongo cha kuchoma dunia. Yeye akawa mtu wa kuchekesha wenzake. Hebu tuone ilikuwaje.

Trollope alizaliwa London tarehe 24 Aprili mwaka wa 1815. Baba yake, Mzee Thomas Anthony Trollope, alikuwa wakili na msomi kweli kweli, ila alikuwa na hasira za kupindukia. Aligombana na wateja wake mwenyewe mpaka wakamkimbia wakaenda kwa mawakili wengine. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi! Tumaini lake lilikuwa urithi kutoka kwa mjomba wake, tajiri asiyekuwa na mtoto. Lo! Mjomba akaoa tena uzeeni, akapata watoto, na urithi ukayeyuka kama barafu juani. Basi mzee akakodi shamba huko Harrow, karibu na London, ingawa ukulima hakuujua hata chembe. Badala ya shamba kuleta pesa, likawa linakula pesa.

Hata hivyo mzee alipenda sana wanawe wasome. Kila asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu, Anthony, akiwa mtoto wa miaka sita hivi, alisimama kando yake akikariri masomo ya Kilatini. Ilimbidi ainamishe kichwa upande wa baba, ili akikosea aweze kuvutwa nywele bila mzee kuuweka wembe chini. Siku hizi tunacheka tukisoma habari hiyo, lakini nadhani mwenye nywele hakuwa akicheka.

Pale Harrow palikuwa na shule kubwa ya kale, shule ya wana wa mabwanyenye. Kwa desturi ya zamani, watoto wa wenyeji waliruhusiwa kusoma humo kwa karo ndogo sana wakitokea makwao. Mzee akaona hapo ndipo. Anthony aliingizwa shuleni akiwa na umri wa miaka saba tu. Wenzake waliolala bwenini walikuwa wana wa matajiri, wenye nguo safi na pesa mfukoni. Yeye alikuja na vumbi la shamba. Siku moja mwalimu mkuu alikutana naye barabarani, akasimama, akamtazama, kisha akamuuliza kama kweli inawezekana shule kubwa kama ile iaibishwe na mtoto mchafu kiasi kile. Fikiria, mtoto wa miaka saba! Trollope alikumbuka swali hilo hadi uzeeni.

Mnamo mwaka wa 1827 alipelekwa Winchester, shule nyingine yenye sifa. Huko alimkuta kaka yake mkubwa, Tom, aliyekuwa amewekwa amwangalie. Tom alimwangalia kwa fimbo. Alimchapa karibu kila siku kana kwamba ni zoezi la viungo. Na mwaka huo huo likatokea jambo lililokuwa chungu kuliko fimbo. Mama yao, Bi. Frances Trollope, alipoona jamii inazama katika madeni, alifunga safari ya Marekani kutafuta riziki. Alichukua watoto watatu, Henry, Cecilia na Emily, akaenda nao mpaka mji wa Cincinnati, ambako alijenga duka kubwa la bidhaa. Mwaka uliofuata baba naye akaenda, akamchukua Tom. Aliyebaki Uingereza peke yake ni Anthony, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Jamani, ukiwa huo si mchezo. Karo haikulipwa, na wenye maduka waliokuwa wakiwakopesha wanafunzi wakaambiwa wasimkopeshe tena. Viatu vikapasuka na leso hakuna. Wanafunzi wote wakajua, maana shuleni habari kama hiyo haifichiki. Walioagizwa kumpa pesa kidogo za matumizi kila juma nao wakaacha. Wenziwe wakamtenga.

Baba aliporudi kutoka Marekani, alimtoa Winchester akamrudisha kuishi naye katika nyumba ya shamba iliyokuwa karibu kuanguka. Akarejea Harrow, tena wa kutwa. Kutoka nyumbani hadi shuleni ilikuwa maili tatu, yaani karibu kilomita tano, katika vichochoro vya matope na mbolea. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, kumi na sita hivi, umri wangu huu. Alikuja kukiri kwamba kipindi hicho ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote maishani mwake. Matope yenyewe yalivumilika. Lililomuumiza ni kuketi darasani na kuona jirani yake akisogea mbali kidogo. Anayejua anajua.

Duka la Cincinnati nalo lilifilisika, na mama akarudi mwaka wa 1831 mikono mitupu. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1832, akiwa amepita umri wa miaka hamsini na hajawahi kuchapisha kitabu hata kimoja, alitoa kitabu kuhusu tabia za Wamarekani. Wamarekani walikasirika, Waingereza wakakinunua kama mkate moto. Kuanzia hapo mama huyo alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kuandika, kisha mchana anafanya kazi za nyumbani. Anthony aliliona hilo na halikumtoka akilini.

Hata hivyo madeni ya baba yalikuwa mlima. Siku moja mwaka wa 1834, Anthony aliamrishwa ampeleke baba yake London kwa gari dogo la farasi. Hakuambiwa sababu. Njiani ndipo alipogundua kwamba mzee anatoroka nchi, anakwenda Ubelgiji asije akafungwa kwa deni. Aliporudi nyumbani alikuta watu wa sheria wamekwisha ingia, wanaorodhesha kila kitu. Yeye, dada zake na majirani wakaanza kupenyeza vyombo, vitabu na vitu vidogo vidogo kupitia pengo la ua hadi kwa jirani. Ulikuwa msiba, lakini alipousimulia baadaye, aliusimulia kama kisa cha watoto wanaoiba maembe.

Huko Bruges, Ubelgiji, jamii ilipigwa na kifua kikuu. Henry alifariki mwishoni mwa 1834, baba akafuata mwaka wa 1835, na mwaka wa 1836 Emily akaaga dunia. Mama aliwauguza mchana na usiku akaandika riwaya za kufurahisha watu, kwa sababu pesa za dawa zilitoka humo. Sijui ni mtu wa moyo gani awezaye kufanya hivyo.

Anthony, akiwa na miaka kumi na tisa, alipata kazi ya ukarani katika makao makuu ya posta mjini London. Mshahara ulikuwa pauni 90 kwa mwaka. Sasa msomaji, sisi tunaosubiri mtihani wa K.C.S.E. tusikilize vizuri jinsi alivyotahiniwa. Aliambiwa anakili mistari michache ya gazeti kwa kalamu kuukuu ya unyoya. Akadondosha wino na kukosea tahajia. Wakamwambia aende nyumbani alete kesho mwandiko mzuri. Akaenda, akaandika kwa makini usiku kucha. Kesho yake hakuna aliyeuliza hiyo karatasi. Kuhusu hesabu, aliulizwa tu kama anaijua, na hakupimwa hata siku moja. Akaonyeshwa kiti, akaketi. Kazi imepatikana!

Miaka saba aliyokaa hapo hakuwa karani wa kupigiwa mfano, tuseme ukweli. Alichelewa kila mara, na mkubwa wake, Kanali Maberly, hakutaka hata kumwona. Alikuwa na deni la fundi wa nguo la pauni 12. Deni hilo likaingia mikononi mwa mkopeshaji, na kwa riba na vijikopo likazaa na kuzaliana mpaka likamgharimu zaidi ya pauni 200. Mkopeshaji mwenyewe alikuwa kizee mpole ambaye alikuja ofisini siku baada ya siku, akasimama nyuma ya kiti chake na kumsihi awe mtu wa kutimiza ahadi kwa wakati. Siku nyingine akaja mama mmoja kutoka mashambani, kavaa kofia kubwa na kapu mkononi, akasimama katikati ya ofisi akauliza kwa sauti ya juu ni lini Anthony atamwoa binti yake. Makarani wote wakageuka. Wacha!

Kisa kikubwa kuliko vyote ni kile cha wino. Barua iliyokuwa na noti ilipotea mezani kwa Kanali. Kanali akamwita Anthony, akapiga meza kwa ngumi akidai kuwa hapakuwa na mtu mwingine chumbani ila wao wawili, kwa hiyo mwizi anajulikana. Anthony naye, kwa hasira, akamjibu kwamba ikiwa ni hivyo basi mwizi ni Kanali mwenyewe, na akapiga ngumi vilevile. Bahati mbaya ngumi yake ilitua juu ya kijimeza chenye chupa kubwa ya wino. Wino uliruka ukamwagikia Kanali usoni na kifuani. Karani mkuu mmoja akakimbilia karatasi ya kukaushia wino, akaanza kumpangusa bosi wake, na Kanali, asiyeona mbele wala nyuma, akatupa ngumi iliyompata huyo karani mwema tumboni. Mara mlango ukafunguka, mhazili wa Kanali akaingia, ameishika ile barua na zile pesa. Hapakuwa na mwizi.

Mwaka wa 1841 ilitangazwa nafasi ya kazi huko Ireland ambayo wengine hawakuitaka. Anthony akaiomba, na Kanali akafurahi kumwondoa. Alitanguliza barua kwa mkubwa mpya kumwonya kwamba kijana huyu hafai kitu. Mkubwa huyo, Mungu amrehemu, alimwambia Anthony kwamba atampima kwa kazi atakayoiona kwa macho yake. Kabla ya mwaka kwisha, yule asiyefaa alikuwa na sifa ya mfanyakazi hodari. Alipanda farasi akizunguka vijijini kusikiliza malalamiko ya watu kuhusu barua. Mwaka wa 1844 alimwoa Rose Heseltine, wakajaliwa wana wawili. Na ni yeye aliyependekeza masanduku ya barua yawekwe barabarani katika visiwa vya Jersey na Guernsey, ambapo yalianza kutumika mwaka wa 1852 na 1853, baada ya wazo hilo kuonekana likifaa huko Ufaransa. Ukitumbukiza barua sandukuni kando ya njia, kumbuka karani mchelewaji.

Uandishi aliuanza huko Ireland. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1847, na mama yake ndiye aliyemtafutia mchapishaji. Hakikununuliwa. Cha pili hakikununuliwa, na cha tatu vilevile. Angekuwa mwingine angetupa kalamu. Yeye akaiga desturi ya mama yake. Aliamka kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mezani, na akajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Baadaye alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 zaidi kwa mwaka amwamshe kwa kikombe cha kahawa. Safarini aliandika ndani ya gari la moshi, ubao magotini. Haba na haba hujaza kibaba, na cha Trollope kilifurika. Kitabu cha The Warden cha mwaka 1855 na Barchester Towers cha mwaka 1857 ndivyo vilivyomfanya ajulikane.

Mwishoni mwa 1857 kikatoka The Three Clerks, yaani makarani watatu, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Hii ni riwaya ya kuchekesha kuhusu ofisi za serikali. Harry Norman na Alaric Tudor wanafanya kazi katika ofisi ya mizani na vipimo, ofisi ya watu makini. Charley, binamu ya Alaric, yuko katika ofisi ya mifereji ambayo makarani wake ni wavivu waliokubuhu. Charley anadaiwa na mkopeshaji mpole anayehubiri kuhusu kutimiza ahadi kwa wakati. Anakaribia kunaswa katika ahadi ya kumwoa mhudumu wa baa. Usiku anaandika hadithi za gazeti. Bila shaka umemtambua Charley ni nani! Mwandishi anaicheka pia mitihani iliyokuwa ikianzishwa ili kuajiri na kupandisha makarani cheo, maana alijua kwamba yeye mwenyewe angeanguka vibaya.

Lakini ndani ya kicheko kuna jeraha. Harry na Alaric walikuwa marafiki wa chanda na pete, wakitembelea nyumba moja yenye mama mjane na binti zake watatu. Alaric akamshinda Harry katika mtihani wa cheo. Kisha akamwoa Gertrude, ambaye Harry alimpenda kufa kupona. Harry akashindwa kusamehe, na nyumba iliyokuwa moja ikagawanyika, huyu akija yule haji. Alaric naye tamaa ikamzidi, akatumia pesa za amana alizokabidhiwa, akaishia gerezani miezi sita, kisha akahamia Australia na mkewe. Charley mzembe ndiye aliyeokoka. Mwandishi hakuficha kwamba mtihani unaweza kukupandisha ngazi leo na tamaa ikakuangusha kesho, wala hakuficha kwamba watu waliokula sahani moja wanaweza kufikia kutosalimiana.

Je, yeye mwenyewe alifanya nini na waliomuumiza? Hili ndilo swali lililonifanya nikeshe nikisoma habari zake. Alikuwa na sababu ya kumchukia baba, kumkasirikia mama na kumkwepa kaka. Mwaka wa 1857 alikwenda Florence, Italia, ambako mama na Tom walikuwa wamehamia. Tom wa fimbo ndiye aliyempa mpango wa hadithi ya riwaya yake Doctor Thorne, ambayo iliuzwa sana. Wakawa marafiki hadi uzeeni. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime! Mama alifariki huko mwaka wa 1863. Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, Trollope alieleza yote, viatu vilivyopasuka na vichochoro vya matope, bila kuficha. Lakini baba alimwandika kama mtu mgonjwa wa kuhurumiwa, na mama kama shujaa. Hakusema kwamba hakuumia. Alisema aliumia, kisha akawapenda vilevile.

Aliacha kazi ya posta mwaka wa 1867 akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka wa 1868 aligombea ubunge huko Beverley akaburura mkia kati ya wagombea wanne. Alifariki London tarehe 6 Desemba 1882. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka uliofuata, nacho kikamharibia jina kwa muda, kwa sababu kilifichua kwamba aliandika kwa saa kama fundi na kwamba vitabu vilimpa karibu pauni 70,000. Wasomaji waliotaka mwandishi angoje msukumo kutoka mbinguni walichukizwa. Lakini vitabu vyake vilizidi kusomwa, na mwaka wa 1993 jina lake liliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali wanapokumbukwa waandishi wakuu wa Uingereza.

Wanafunzi wenzangu, sisi wa kutwa tunajua njia ya matope, na wengine wetu tunajua pia kuachwa na mzazi aliyekwenda mbali kutafuta. Siwezi kumhubiria mtu asamehe, hilo ni la moyo wake. Ninachosema ni kwamba Trollope alikuwa na nafasi ya kulipa kisasi kwa kalamu, na kalamu alikuwa nayo, lakini alichagua kuwachekesha hata wale waliomcheka. Basi tuwaachie wahenga methali yao, maana wana nyingine nyingi. Kesho asubuhi tukikutana kwenye njia ile ya bondeni, tupanguse viatu kwenye nyasi, tuingie darasani.